Haba ya Kiingereza, manette ya Kifaransa, na siku nilipombeba mama mkwe hadi gare

Wakuu, hodi humu ndani.

Shikamooni wakubwa zangu, kama bado ninao, maana nimepita themanini na tano na wengi niliokuwa nikiwaamkia wameshatangulia. Wadogo zangu, marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Juzi kuna kijana humu aliuliza kama kimkono cha kubadilisha gia cha baiskeli ya zamani ya Kifaransa kinaweza kuendesha haba ya Kiingereza ya gia tatu, yaani kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Mkamcheka. Mmoja wenu akamwambia auze chuma chakavu anunue pikipiki.

Mimi sikucheka. Hicho kitu nilikifunga kwa mikono yangu hapa Lubumbashi, enzi hizo mji ukiitwa Élisabethville na uhuru haujafika. Na juu ya hicho kitu nilimbeba mama mkwe wangu.

Ninayoandika sikusimuliwa na mtu, niliyakanyaga mwenyewe kwa pedali. Mwenye shaka aje Katuba amuulize mke wangu, na huyo hajawahi kunitetea hata siku moja.

Haya, twende.

Nilikuwa kijana wa depo ya reli, najifunza kazi ya kusaga vyuma na kuviunganisha. Sisi asili yetu ni kaskazini ya Katanga. Baba aliletwa mjini na reli, akabaki na reli, na mimi nikaingia hukohuko.

Nilikuwa na kinga. (Huku kwetu baiskeli tunaiita kinga, msije mkadhani naongelea chanjo.) Ilikuwa nyeusi, ya Kiingereza, nzito, ina kifuniko cha mnyororo na kariya ya nyuma ya kubebea hata mbuzi. Niliipenda kupita kiasi. Mama yangu alikuwa akisema nikioa, bibi harusi atalala chini na kinga italala kitandani.

Huyo bibi harusi mwenyewe alikuwa Kafubu, nje ya mji. Jina lake Léontine. Kwao ni wakulima, wenyeji hasa, waliokuwepo kabla ya migodi. Walilima mboga na kuziuza mjini.

Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda. Kwenda ni raha, barabara inateremka mpaka kwenye daraja. Kurudi ndiyo shughuli. Ukishavuka daraja unaanza kupanda, na kile kilima hakina haraka ya kuisha.

Na mimi nilikuwa narudi na mzigo, maana wakulima hawakuruhusu uondoke mikono mitupu. Maboga, viazi vitamu, jogoo. Kinga haina gia, basi nashuka nasukuma, suruali ya Jumapili imejaa vumbi jekundu. Wanawake waliotoka mtoni walinicheka wazi kabisa.

Nikasema hapana. Nataka gia.

Binamu yangu alikuwa anafanya kazi migodini upande wa pili wa mpaka, kwa Waingereza. Akanipitishia Mokambo, pale mpakani, gurudumu la nyuma zima, lina haba ya gia tatu ndani yake. Linang'aa! Nililibusu, kweli tena.

Tatizo, lilikuja bila manette. Manette ndiyo kile kimkono kidogo unachokivuta kwa kidole ili gia ibadilike.

Nisimame hapa kidogo kwa wasiojua haya mambo. Haba ya gia tatu imeficha kila kitu tumboni. Kuna waya mwembamba unatoka kwenye manette, unapita chini ya bomba la fremu mpaka nyuma, unashika kijimnyororo kinachoingia katikati ya ekseli. Waya ukilegea, una gia nzito. Ukivutwa nusu, una ya kati. Ukivutwa wote, una nyepesi, ile ya kilima.

Lakini kati ya nzito na ya kati kuna mahali patupu. Waya ukisimama hapo, miguu inazunguka na kinga haiendi. Unakanyaga hewa. Ukiwa umesimama juu ya pedali, unatua kwenye bomba la fremu, na wanaume wote humu wanajua kinachofuata.

Nikaenda kwa Papa Mumba, fundi kinga wa soko la komini Albert, mtaa ambao leo unaitwa Kamalondo. Mtu wa maneno mengi na kucheka sana. Akanitafutia manette ya Kiingereza, ya zamani kidogo. Tukashangilia, Mwingereza kwa Mwingereza, kazi imekwisha.

Thubutu!

Alama ya kwanza, pale manette inaposema klik, gia nzito, safi. Alama ya pili, hewa. Alama ya tatu, gia ya kati. Nyepesi haipatikani kabisa. Ile manette ilitengenezwa kwa haba ya aina ya zamani zaidi, inavuta waya kidogo kuliko haba yangu inavyotaka. Tukikaza waya ili tuipate nyepesi, nzito inapotea. Tukilegeza, tunarudi kulekule.

Papa Mumba akaweka koleo chini.

"Aba bawili habaoane," akasema. "Batoka fasi moja, lakini habasikilizane."

Nilikaa pale nimenuna. Yeye akaendelea kutengeneza kinga za watu na kunitania. Kwenye debe lake la vyuma vya kutupa nikaona manette nyingine, ndogo, ya Kifaransa, imetoka kwenye kinga ya mashindano ya Mzungu mmoja aliyeivunja. Hiyo haikuwa na alama. Haisemi klik. Unaivuta, inasimama popote ulipoiachia, kwa sababu kuna visi, yaani skrubu, yenye masikio mawili inayoibana. Ukikaza visi inakuwa ngumu, ukilegeza inakuwa laini.

Nikafikiri hivi: kama haina alama, haiwezi kuwa na alama za makosa. Mimi mwenyewe nitajua pa kuisimamisha.

Papa Mumba alisema nimerogwa.

Kuifunga kulinichosha. Mkanda wake ulikuwa mdogo kidogo kwa bomba la Kiingereza, nikaukwangua kwa tupa mpaka ukakubali. Kichwa cha waya wa Kiingereza hakikuingia kwenye tundu la Mfaransa, nikakikata, nikayeyusha bati na kutengeneza kichwa kipya. Nikaifunga kwenye bomba la chini, kwa hiyo kila nikitaka kubadilisha ilibidi niinamishe mkono mmoja karibu na goti.

Ilifanya kazi, wakuu! Nilizunguka komini nzima napiga kengele kama mwehu.

Siri ilikuwa sikio. Ukikanyaga na gia nzito au ya kati, haba inalia tik tik tik. Ukifika kwenye nyepesi, inanyamaza. Kwa hiyo kwenye kilima natafuta ukimya. Ikianza kulia, ujue waya umelegea, na baada ya muda utakanyaga hewa.

Kasoro ilikuwa moja. Springi ya haba ina nguvu, na barabara mbaya inailegeza ile visi. Manette inaanza kurudi yenyewe taratibu. Unatakiwa kusimama na kukaza.

Sasa ndiyo tufike kwa mama mkwe.

Mama yake Léontine tulimwita Mama Georgine, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama mwenye mwili, mwenye nguvu, akicheka unasikia kutoka barabarani. Nasema unasikia, maana kumwona ilikuwa marufuku. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani, hawasemezani, hawali pamoja, hawagusani. Ukimkuta njiani, unaingia majanini mpaka apite. Hiyo ni heshima ya buko (ndiyo ukwe, na mkwe mwenyewe pia tunamwita buko), na ukiivunja, wajomba wanaweza kusema ndoa hakuna. Siku zote nilizokwenda Kafubu nilikuwa nikiujua mgongo wake na sauti yake tu.

Georgine, dada yake Léontine, aliolewa Sakania na mtu wa reli. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, akiwa peke yake kule, hana mama karibu. Hii ilikuwa ya tatu. Mama yake alikuwa ameapa kwamba safari hii atakuwepo.

Jumamosi moja ya masika kondakta wa treni akaniletea neno depo: mwambieni mama aje na treni ya kesho, tumbo limeshuka. Treni ya Sakania haikuwa ya kila siku. Ukiikosa, unangoja, na mtoto hangoji mtu.

Nikaruka kwenye kinga nikapeleka habari. Nikalala kwa Mjomba Chola, kaka yake Mama Georgine, maana kwenye kiwanja cha mama mkwe silali. Mpango ulikuwa lori la Mgiriki linalochukua mboga alfajiri limchukue na mama.

Asubuhi lori halikuja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mtu mmoja akapita akasema limezama kwenye matope mbali kule, hata Mgiriki mwenyewe amevua viatu.

Mama Georgine alikuwa amesimama barabarani, amenipa mgongo, na kitenge chake kipya, kikapu miguuni. Hakulia. Aliangalia tu upande wa mji. Léontine ndiye aliyekuwa analia, na kunikazia macho mimi, kana kwamba mvua niliagiza.

Mjomba Chola akaleta kinga yake, isiyo na gia. Akampakia dada yake. Mita chache tu, mnyororo ukakatika.

Basi akachukua kinga yangu. Mimi nimesimama nyuma ya nyumba, nimegeuza uso, namwelekeza kwa kupiga kelele. Akakanyaga, akavuta manette, akakanyaga hewa, akaingia na kinga nzima kwenye maharage. Mama Georgine alikuwa bado hajapanda, tumshukuru Mungu.

Kinga ile ilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua sauti zake.

Kila mtu alijua kinachotakiwa na hakuna aliyetaka kukisema. Mjomba alijipangusa maharage, akafikiri, akatoa hukumu.

"Mugongo haina macho," akamwambia dada yake. "Ule ataangalia mbele, weye utaangalia pembeni. Na tutatia ukuta."

Ukuta ulikuwa gunia la unga wa muhogo, ule wa kupelekea Sakania. Wakalisimamisha juu ya kariya, kati yangu na mama mkwe, wakalifunga kwa kamba. Yeye akakaa nyuma ya gunia, miguu upande wa mnyororo, ameishika kamba. Hatugusani, hatuonani. Buko iko salama.

Wazee wa kijiji wakakubali kwamba imekaa vizuri. Wakuu, kati ya wote pale hakuna hata mmoja aliyefikiria uzito umehamia wapi. Hata mimi fundi wa depo! Tulikuwa tunapima heshima tu, hatukupima kinga.

Mjomba akaunga mnyororo wake kwa waya, akachukua kikapu, akafuata.

Tambarare tulienda vizuri. Mama mkwe hasemi na mimi, lakini anasema na kinga.

"We kinga, kuko shimo mbele. We kinga, usikimbie sana."

Nami nikawa naijibu kinga kwa kengele. Nilitamani kucheka, nikang'ata mdomo.

Tukashuka, tukavuka daraja. Kilima.

Nikainama, nikavuta manette mpaka haba ikanyamaza. Tukaanza kupanda, polepole, nyepesi kabisa. Ndipo gurudumu la mbele likaanza kuinuka. Uzito wote ulikuwa nyuma: unga, na nyuma ya unga, mama mwenye mwili. Usukani ukawa hauna maana. Nikajilaza mbele mpaka kidevu karibu kiguse kengele, mikono yote miwili inalazimisha gurudumu libaki chini.

Mikono yote miwili. Nani anashika manette?

Mitetemo ya barabara ilikuwa imeshailegeza ile visi. Mimi sikusikia kitu, damu ilikuwa inanigonga masikioni. Yeye alikuwa amekaa juu ya haba. Alisikia.

"Buko!" akapiga kelele. "Kamata! Iko inalia!"

Alinisemesha. Mimi, si kinga. Huko nyuma nilimsikia Mjomba, anasukuma yake, analia: "Musisemeshane! Jamani, musisemeshane!"

Nikaachia mkono mmoja nikaivuta manette. Ikanyamaza. Gurudumu la mbele likainuka, tukayumba mpaka ukingo wa mfereji. Nikarudisha mkono kwenye usukani. Manette nikaihisi kwenye goti inarudi, inarudi. Nikajua sasa nakanyaga hewa, tunaanguka wote, mama anavunjika, treni inakwenda, Georgine yuko peke yake tena. Nilisali Salamu Maria nikakosea maneno.

Hewa haikuja.

Nikakanyaga, ikashika. Nikakanyaga tena, ikashika. Nyepesi, na kimya. Manette imelala chini kabisa, waya ungetakiwa kuwa umelegea, na gia haitoki. Sikuelewa. Nikaendelea kukanyaga maana mtu anayeokolewa haulizi maswali.

Tulipofika juu, nikageuza macho chini kidogo, kwa adabu, kuangalia haba. Nikaona mguu.

Mama Georgine alikuwa amevua kiatu. Kisigino chake kilikuwa juu ya waya, pale unapopita kando ya bomba kwenda kwenye ekseli, ameukandamiza kwa nguvu zake zote. Alikuwa ameuona waya ukilegea kila haba inapolia, na kukaza kila inaponyamaza. Akautia mguu. Hakuna aliyemfundisha. Kilima chote kile, manette ya kinga yangu ilikuwa mama mkwe.

Nilitaka kumshukuru. Nikapiga kengele mara nyingi sana.

Basi kutoka hapo ni kukimbia. Nikikaribia pa kupanda, nasikia mguu unakaza waya. Pakishuka, anaachia. Tulielewana vizuri kuliko nilivyokuwa naelewana na binti yake wakati ule. Ila gunia halikupenda mbio. Lilichanika mahali fulani karibu na mji, na unga ukaanza kunimwagikia mgongoni, shingoni, kichwani.

Tukaingia gare, kituo cha reli, wakati treni inapiga filimbi. Mama Georgine akaruka, gunia nusu begani, kiatu kimoja mkononi, akakimbia kwenye mabehewa ya nyuma, ya watu weusi. Mikono ikamvuta ndani. Treni ikaondoka.

Mimi nikabaki nimesimama, mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Kutoka madirishani watu walikuwa hoi kwa kicheko.

"Muone! Muzungu wa bukari!" Bukari kwetu ni ugali.

Sikujali. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja, unga unageuka donge usoni.

Mjomba Chola alifika treni ikiwa haionekani tena hata moshi. Ana kikapu. Akakiangalia, akaniangalia mimi, akakaa chini. Ndani kulikuwa na karanga za kukaanga na kuku mzima wa safari. Tukala. Akaniambia ndoa yangu imekufa au imepona, yeye hajui, ataamua dada yake.

Zile siku za kungoja, Léontine alipunguza chakula kwa wasiwasi, mimi nikaongeza.

Kisha kondakta yuleyule akaja depo anacheka kabla hajafika. Mtoto wa kike, analia vizuri, mama yake mzima, bibi yake alikuwa ndani na ndiye aliyempokea. Na Sakania yote inajua habari ya kinga. Niliacha kazi mezani nikatoka nje nikacheza peke yangu, msimamizi Mzungu akadhani nimepigwa na jua.

Siku ya kurudi kwa Mama Georgine tulikwenda gare sote. Mjomba alikuwa amepaka kinga yake mafuta, ameweka mto kwenye kariya, ameniamuru nisimame mbali, nigeuze uso ukutani. Nikageuza.

Nikasikia treni inasimama. Nikasikia Mjomba anamkaribisha dada yake. Halafu nikasikia hatua zinampita Mjomba, zinakuja kwangu, na kuku analalamika.

"Buko. Geuka."

Nikageuka. Ndiyo mara ya kwanza niliuona uso wa mama mkwe wangu. Ulifanana na wa Léontine, ila wenye ujanja zaidi. Mkononi ana kuku hai wa Sakania. Kuku wa namna hiyo kwetu anafungua kinywa: ukishapokea, mwiko umekwisha, mnaweza kusemezana mbele ya watu wote. Akanipa.

Mama Georgine akaizunguka kinga yangu, akainama akatazama manette ya Mfaransa, akakaa kwenye kariya bila gunia, nami nikapanda mbele, akanishika kiuno kwa mikono miwili. Kisha akasema neno lake la kwanza la halali kwangu:

"Ile visi, ulikaza?"

Nilikuwa sijaikaza. Nikashuka nikaikaza.

Basi wakuu, funzo langu ni fupi. Chuma cha nchi moja kinaweza kugombana, na cha nchi mbili kikapatana, mradi kuna anayekisikiliza. Manette isiyo na alama itaendesha haba yoyote ya gia tatu. Angalia tu mkanda uingie bombani, kichwa cha waya kiingie tunduni, na visi ibane. Na mzigo usiuweke nyuma ya ekseli, hata kama wazee wamekubali.

Kijana uliyeuliza, funga, jaribu, utuletee picha. Waliokucheka waje hapa waseme wao wamewahi kufunga nini. Na kama kuna mwingine humu aliyewahi kumbeba mama mkwe kwa kinga, aandike hapo chini nisijione niko peke yangu.